Ramani Iliyoishia Maji Yanapojaa

Tarishi wa Liwali alinikuta kibarazani kwa ghala la zamani la kopra, mahali nilipokuwa nikiwafundisha wanawake kusoma kila baada ya adhuhuri. Alikohoa, akangoja tumalize silabi, kisha akasema naitwa barazani, na nije na kalamu yangu mwenyewe.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nilikuwa nimesoma shule ya wasichana Tanga mjini, nikaolewa katika mji huu mdogo wa pwani, kusini ya Kigombe, ambao kufika kwake kulitegemea mvua imenyesha au haikunyesha. Mume wangu alikuwa fundi cherehani. Tulikaa nyumba moja na mama yake, mjane, ambaye kazi yake ilikuwa ya makumbi.

Kwa asiyeijua kazi hiyo: kumbi ni ganda la nje la nazi, lile lenye nyuzi. Wanawake wa mji wetu waliyafukia makumbi katika matope ya kighuba kilichokuwa nyuma ya mikoko, wakayaacha miezi mingi yaoze, kisha wakayafukua, wakayaponda kwa magongo mpaka ukabaki usumba mtupu, yaani nyuzi zenyewe, wakasokota kamba. Kila mmoja alikuwa na mashimo yake, amezungushia mawe, ameyarithi kwa mama au kwa shangazi. Maji yakijaa, mashimo yote hufunikwa usione kitu. Yakipwa, unayaona mstari kwa mstari, kama matuta ya shamba.

Nilikwenda barazani nikakuta wanaume saba na kiti kimoja kitupu. Liwali, mtu mnene mwenye sauti ya upole iliyochosha kuisikiliza, alinieleza kwamba serikali inataka mpango wa maendeleo wa mji upitiwe upya, uandikwe wa miaka kumi na mitano ijayo, na kwamba bwana mmoja Mzungu kutoka Tanga, ambaye watu walikwisha kumpa jina la Bwana Mipango, amesisitiza kamati iwe na mwanamke.

"Basi tumekuchagua wewe, Mwalimu," alisema. "Huna kazi nzito. Ukiwapo inatosha."

Mpango wa zamani ulikuwa umebandikwa ukutani nyuma yake, pembe zimeliwa na mende. Ulitengenezwa mara baada ya vita vya Hitila. Ulituahidi soko lenye paa, mifereji ya mvua, miti ya kivuli barabara nzima, na maji ya bomba. Tulichopata ni nguzo sita za soko, ambazo mbuzi walijikunia migongo, na bomba moja lililotoa maji siku za kuja wageni. Nilidhani mkutano ungeanza kwa kuuliza kwa nini. Wapi. Saa mbili nzima tulizungumzia kama tujiite kamati au halmashauri, na nani akae karibu na dirisha. Ilipoletwa kahawa, macho yote saba yakanigeukia mimi, nikamimina.

Wiki iliyofuata zikaja karatasi za maswali, nizipeleke nyumba kwa nyumba kwa wanawake. Aliyeyafasiri sijui alikuwa nani, lakini hakuwa amepata kuzungumza na mwanamke wa pwani. Swali la nne liliuliza: "Je, umeridhika na viburudisho vilivyomo mjini?"

"Viburudisho ndio nini, Mwalimu?" aliniuliza mwanafunzi wangu mmoja. "Madafu?"

"Nadhani ni michezo. Ngoma, na mfano wa hayo."

"Ngoma tunacheza wenyewe. Serikali inataka kuja kucheza?"

Nilizunguka na karatasi zile siku kumi, jua la kaskazi likinipiga utosini. Waliniambia habari za kisima cha maji ya chumvichumvi, habari za choo cha sokoni ambacho hakuna mwanamke aliyethubutu kukiingia, na karibu wote waliniambia habari za mashimo ya makumbi: wachimba chambo wanayavuruga, na mikoko inayoyakinga inakatwa kuni. Niliandika yote, hata pasipokuwa na nafasi, nikageuza karatasi nikaandika nyuma.

Nyumbani nikamfikia mama mkwe wangu. Alikuwa ameketi ukumbini anasokota kamba, mguu mmoja ameunyoosha.

"Mama, na wewe nikuandike. Una shida gani unayotaka ishughulikiwe?"

"Andika tuko salama."

"Mama, jana tu ulilalamika mpaka chakula kikapoa. Ulisema wamekanyaga mashimo yako."

"Nilikwambia weye. Sikuiambia serikali."

"Lakini ndiyo serikali inayouliza!"

"Mtu akikuuliza hali, unamjibu njema. Andika tuko salama, tunamshukuru Mungu."

Nikaandika. Na usiniulize nilikuwa na hasira kiasi gani, maana karatasi ilitoboka. Jioni ile ile alianza tena: wachimba chambo, na mawe yake, na mwanamke wa jirani aliyesogeza mpaka wake shubiri moja. Mume wangu aliinuka akasema anakwenda msikitini, ingawa isha ilikuwa bado sana.

Ramani ilipoletwa, ilitandazwa mezani ikazuiliwa kwa vikombe. Ilikuwa nzuri, siwezi kukataa. Barabara zimenyooka kama uzi, viwanja vimepakwa rangi, na pembeni mwa mji pamechorwa gati jipya na barabara pana ya kupitisha marobota ya mkonge kutoka mashambani. Bwana Mipango mwenyewe alikuwapo, kijana mwembamba mwenye Kiswahili cha kitabuni, akitueleza kwa kijiti. Niliifuata barabara ile kwa kidole. Ilipita nyuma ya ghala la kopra, ikapita mikokoni, ikaishia kwenye kighuba chetu. Juu ya kighuba palikuwa na rangi ya buluu tupu.

"Bwana, hapa pana mashimo ya makumbi," nikasema.

Akainama akatazama. "Hapana, Bibi. Bahari hiyo."

"Ni bahari maji yakijaa. Yakipwa ni mahali pa kazi pa wanawake."

"Ramani huchorwa mpaka pale maji yanapofika yakijaa," alinieleza kwa adabu kabisa. "Baada ya hapo hatuchori."

"Basi kazi yao haimo mjini?"

Liwali akaingia kati. "Mwalimu, mambo ya makumbi ni mambo ya nyumbani. Hapa tunazungumza maendeleo."

Mzee mmoja wa kamati, ambaye kamba zote za jahazi lake zilisokotwa na wanawake wale wale, aliitikia kwa kichwa. Nilimtazama mpaka akatazama pembeni.

Hata hivyo Bwana Mipango hakuwa mtu mbaya. Alisema patakuwa na mkutano wa wazi, kila mwenye neno aje aliseme, na kama kuna haja yeye mwenyewe atakwenda kupaona mahali hapo. Nikarudi mbio. Niliwakusanya wanawake uani kwetu, nikawachorea ramani mchangani kwa kijiti, nikawaonyesha gati litakapokaa. Wakaanza kusema wote kwa pamoja, wengine kwa Kidigo, wengine kwa Kibondei, mpaka kuku wakatawanyika.

"Vizuri," nikasema. "Jumanne saa nane njooni barazani mseme hivyo hivyo."

Wakaanza kujifunga kanga upya.

"Barazani?" mama mkwe aliuliza. "Tukakae mbele ya wanaume tunatazamwa?"

"Mtakaa nyuma. Msipotaka kusema, nitasema mimi. Nataka muonekane tu."

"Mie sijapata kuingia barazani tangu kuzaliwa. Hata kesi ya marehemu mume wangu niliisikia nikiwa nje."

"Na mashimo yakichukuliwa?"

"Mungu hawezi kukubali."

"Mama, Mungu hayumo katika kamati!"

Neno lilinitoka kabla sijalifikiri. Wanawake wakasema astaghafirullah, wakatazamana, wakaondoka mmoja mmoja. Mama mkwe hakusema nami siku mbili. Chakula aliniwekea, lakini alikiweka chini kwa kishindo.

Jumanne baraza lilijaa wanaume. Hakuna mwanamke hata mmoja aliyekuja. Walisemeshwa wenye maduka, wakasemeshwa wenye minazi, mtu mmoja akasimama akaeleza ugomvi wake na shemeji yake ambao haukuhusiana na chochote, na Liwali akamwacha amalize. Zamu yangu ilipofika alasiri ilikuwa inakaribia. Nilisoma niliyoyaandika. Nilisoma vizuri, nilikuwa nimejizoeza.

"Ahsante, Mwalimu," alisema Liwali. "Na hao wanawake wenyewe wako wapi?"

Watu wakacheka, si kwa ubaya, na hiyo ndiyo iliyoniuma.

Bwana Mipango akasema twende tukaone. Tukatoka wote, kundi zima, Liwali na mwavuli wake mbele, tukashuka mpaka mikokoni. Ilikuwa saa kumi, na mwezi mwandamo ulikuwa umeonekana juzi yake. Kilikuwa kipindi cha bamvua, maji makubwa kuliko yote ya mwezi. Kighuba kilijaa mpaka kwenye mizizi, kimetulia, kinang'aa. Hapakuonekana jiwe wala mti wa mpaka. Tulisimama pale kundi zima tunatazama maji.

"Hapa?" aliuliza Bwana Mipango.

"Chini yake," nikasema.

Nilisikia nyuma yangu mtu akirudia, "Chini yake," na kicheko kikaenda mstari mzima. Nikamwomba angoje maji yapwe. Akatazama saa yake, akasema kwa huzuni ya kweli kwamba lazima alale Tanga. Lakini akaahidi kurudi. Liwali akafungua daftari akapanga: Jumanne ya pili, wiki mbili kutoka leo, saa kumi. Karani akaandika barua, mhuri ukapigwa pale pale.

Nilifika nyumbani nimechoka kama niliyebeba mawe. Nikamweleza mama mkwe yote, hata ile ya kuchekwa, kwa nia ya kumchoma. Hakuchomeka. Kamba ikamsimama mkononi.

"Amesema anarudi lini?"

"Baada ya wiki mbili. Saa kumi."

"Saa kumi ile ile?"

"Ndiyo, Mama."

Akanitazama kama ninavyowatazama mimi wanafunzi wanaoshika kitabu juu chini. "Wiki mbili mwezi utakuwa mpevu. Si bamvua tena hiyo? Maji yatakuwa pale pale alipoyaacha! Ungemwita baada ya wiki moja, saa hiyo angeyakuta yamepwa. Au umwite asubuhi, saa nne, akute pakavu. Weye umesoma nini huko Tanga?"

Nilikuwa nimesoma mito ya Ulaya. Sikumwambia.

Kesho yake nilikwenda kwa Liwali nikamwomba abadilishe saa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanipa hata kahawa. Kisha akasema barua imekwisha kupigwa mhuri.

"Tuandike nyingine, Bwana Liwali."

"Tukiandika nyingine, wataona ya kwanza ilikuwa na kosa."

"Lakini ilikuwa na kosa."

"Ndiyo maana," akasema.

Nilikwenda tena baada ya siku tatu, na tena. Nilimwandikia Bwana Mipango mwenyewe kwa Kiingereza changu cha shule, sikupata jibu. Usiku nililala nikihesabu saa za maji kwa vidole, na kila nilivyohesabu mama mkwe alikuwa sawa. Kwake yeye jambo lilikuwa limekwisha. Hakunilaumu tena, hakuuliza, aliendelea na kamba zake, na utulivu ule ulinikera kuliko maneno.

Jumanne ikafika. Mchana nilikuwa najitengeneza kwenda barazani, bila tumaini, niliposikia kelele ya magongo. Haikutoka pwani ilikozoea kutoka. Ilitoka mjini. Nilitoka nje, na kabla ya kuona chochote nilisikia harufu. Aliyezaliwa pwani anaijua harufu ya kumbi lililotoka matopeni. Asiyeijua hawezi kuelezwa.

Walikuwa upande wa baraza, chini ya dirisha lile lililogombaniwa. Wote walikuwapo. Asubuhi maji yalipopwa walishuka wakafukua, wakajaza pakacha, wakabeba vichwani mpaka pale, matope meusi yakiwachuruzika mabegani. Sasa wameketi kwenye magogo wanaponda, kila pigo linarusha maji machafu hadi ukutani. Mama mkwe alikuwa katikati, kanga imefunika kichwa na nusu ya uso.

Nilimwendea. "Mama! Kwa nini hamkuniambia?"

"Ungekwenda kuiandika," akasema, akaendelea kuponda.

Gari la Bwana Mipango likafika. Alishuka, akasimama, akatoa leso akaiweka puani. Liwali akatoka barazani amewaka, lakini mama mkwe alimzidi umri, na mji mzima ulikuwa unatazama, kwa hiyo ilimbidi aamkie kwanza.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Bwana Liwali. Hujambo?"

"Sijambo. Ni nini hii mnafanya? Hapa ni barazani!"

"Barazani hatukuingia. Sisi tuko nje." Hakumtazama, alitazama gongo lake. "Maji yamejaa, kwetu hakukaliki. Na tumeambiwa pale mnapajengea gati. Basi tumeona tuanze kuzoea mapema. Mpango ukishapita, hapa ndipo tutakapokuwa."

"Kila siku?" aliuliza Liwali.

"Ijumaa tunapumzika."

Bwana Mipango akachuchumaa mbele yake, leso bado puani, akauliza: mashimo ni mangapi? Ya nani? Makumbi hukaa matopeni muda gani? Alijibiwa kila swali, na mwanamke yule aliyekuwa salama anamshukuru Mungu alisema kwa saa nzima bila kupumzisha gongo. Alisema ya wachimba chambo. Alisema ya mikoko. Alisema hata ya jirani na shubiri yake moja, na jirani aliyekuwa ameketi pembeni akajibu. Mimi nilisimama na daftari langu, hakuna aliyenihitaji. Nilifurahi, bila shaka nilifurahi, lakini nilitamani pia kumkamata mabega nikamtikise.

Siku ile Bwana Mipango alilala nyumba ya wageni ya serikali. Asubuhi saa nne aliingia matopeni na mnyororo wake wa kupimia, kiatu kimoja kikabaki huko mpaka leo. Alipima kighuba chote. Aliniambia gati litahamishwa upande wa pili, penye mwamba, na kwamba mahali pale pataandikwa katika mpango kuwa ni eneo la makumbi, lisiguswe miaka kumi na mitano. Alinitamkisha neno hilo mara mbili, akaliandika.

Mpango mpya ulifika baada ya masika kupita. Ulikuwa kitabu kizima safari hii, kimepigwa taipu huko mbali na mtu ambaye nadhani hakupata kuuona ufuko wa bahari. Liwali aliniita nisomewe. Karani alisoma soko lenye paa. Akasoma mifereji, na miti ya kivuli, na maji ya bomba. Kisha akasoma: "Kighuba cha nyuma ya mikoko kimetengwa kuwa eneo la makumbusho."

"Makumbusho?" nikasema.

"Ndivyo ilivyoandikwa."

Nikamnyang'anya kitabu. Ndivyo ilivyoandikwa. Mtu wa taipu hakulijua neno makumbi, akaliona limepungua, akalisaidia.

"Ya kukumbuka nini?" aliuliza mzee mwenye jahazi.

Liwali alifikiri. Taratibu uso wake ukachangamka. "Serikali itajua yenyewe," akasema. "Lakini ni heshima kubwa kwa mji." Na tangu siku hiyo alituma askari wa baraza kuwafukuza wachimba chambo na wakata mikoko, kazi ambayo wanawake walimwomba miaka yote na hakuifanya.

Nilikwenda nyumbani nikaandika barua ya kurekebisha, ndefu, yenye sababu tatu. Nilipokuwa naikunja mama mkwe akauliza ni barua gani. Nikamweleza kosa lenyewe. Nilimweleza kwamba si sawa, kwamba kazi yao imetajwa mara moja tu katika kitabu kizima na hiyo mara moja imekosewa, kwamba atakayekisoma baadaye hatajua kama pale walikuwapo wanawake.

Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Ukiipeleka, watakuja kupima tena?"

"Huenda."

"Saa ngapi?"

Akaokota pakacha lake, maji yalikuwa yameanza kupwa, akatoka. Barua nilikaa nayo mapajani mpaka mume wangu aliporudi na kuuliza mbona hakuna kilichopikwa. Sikuipeleka. Gati upande wa mwamba halikujengwa, wala miti ya kivuli sikuiona, na kamba ziliendelea kutoka kighubani muda wote nilioishi mji ule. Watu wananiambia niliwasaidia sana wanawake wale. Naitikia kwa adabu, kisha namkumbuka yule mtu wa taipu, na damu inanichemka upya.